Chupa moja: Nakuru ni asali, Kisumu ni spiriti. Single malt ya kuanzia inastahili bei yake?

#1 BintiMenengai
Wadau, salamu. Chupa ni wiski ya single malt (kimea kitupu cha shayiri) ya Speyside, Uskoti, miaka 12, alkoholi asilimia 40, ml 700. Nusu ilibaki Nakuru, nusu ikateremka Kisumu. Waonjaji ni wale wale wawili, glasi za umbo moja, ml 25 kila glasi, bila barafu wala maji, saa mbili usiku pande zote.

Nakuru: peasi bivu, asali, vanila kwa mbali, na ladha inakaa mdomoni mpaka uhesabu ishirini. Kisumu: pua inachomwa kwanza, peasi hakuna, halafu mwishoni kuna uchungu kama wa ganda la chungwa.

Dai langu ni hili: kama ladha inahama na mji, hizi single malt za kuanzia hazistahili pesa. Kwa bei ya moja unakaribia chupa mbili za blendi (wiski ya mchanganyiko) ya heshima, na blendi haikuulizi uko wapi. Anayepinga aje na sababu.

#2 Jaduong_wa_Dunga
Nyathina, usitusingizie mji. Ni joto. Wiski inataka nyuzi 18 hadi 20 hivi ili izungumze. Chupa iliyokaa kabatini Kisumu iko 27 au zaidi hata usiku, na hapo ethanoli, yaani alkoholi yenyewe, inawahi pua kabla ya kitu kingine chochote. Simamisha chupa kwenye karai ya maji baridi dakika kumi, ndipo umimine. Usiitie kwenye friza, maana baridi kali inafunga harufu zote, nzuri na mbaya.

#3 Section58
Joto ni nusu ya jibu. Mmesahau mwinuko. Nakuru iko mita 1,850 hivi, Kisumu mita 1,131. Hewa ya huku Nakuru ni nyepesi, ndiyo sababu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 na githeri inakawia. Hewa ikiwa nyepesi, harufu za pipa zinapanda kwa urahisi. Kisumu zimekandamizwa, inabaki spiriti tupu.

#4 FundiPipa
@Section58 kwa githeri uko sawa, kwa wiski umepotea. Mgandamizo wa hewa Nakuru ni kama kPa (kilopaskali) 81, Kisumu 88. Tofauti hiyo ni ndogo. Sasa tazama ethanoli yenyewe: mgandamizo wa mvuke wake, yaani nguvu yake ya kupanda hewani, ni kPa 5.9 kwenye nyuzi 20, na 10.5 kwenye nyuzi 30. Hiyo inakaribia mara mbili. Tena hewa nyepesi haichagui: kama inapandisha peasi, inapandisha na ethanoli pia.

#5 Kondele_Usiku
Kwa hiyo sisi wa chini tunywe nini, uji? 😂

#6 Omwami_Lurambi
Kabla ya fizikia, swali la jikoni: hiyo nusu iliteremka Kisumu ndani ya nini?

#7 BintiMenengai
@Omwami_Lurambi chupa ya glasi ya ml 350. Ilikuwa ya vodka yenye ladha ya ndimu. Ilioshwa kwa maji moto mara tatu, ikakaushwa siku nzima.

#8 Kondele_Usiku
Ganda la chungwa limepatikana, wakuu. Fungeni uzi.

#9 Omwami_Lurambi
Chupa uliosha, na kifuniko je? Ndani ya kifuniko cha kuzungusha kuna kidude cha plastiki laini kinachoziba mdomo. Mafuta ya ndimu na machungwa yanapenda plastiki kuliko yanavyopenda maji. Yanazama humo, maji moto na sabuni hayayang'oi, halafu ukija na alkoholi ya asilimia 40 yanatoka yote, kwa sababu alkoholi ndiyo kiyeyushi chake. Hata safari yenyewe ilisaidia: chupa ikilala kwenye begi toka Nakuru mpaka Ahero, wiski inasukutua kile kifuniko njia nzima.

Ukitaka kugawa wiski, nunua chupa mpya tupu, au tumia iliyokuwa na wiski ya namna hiyo hiyo. Jaza hadi shingoni. Hewa inayobaki juu ndiyo inayoiharibu.

#10 BintiMenengai
Naipokea ya kifuniko, asante. Lakini kifuniko kinaongeza harufu. Peasi na asali zilikwenda wapi? Na kilichoonekana mwishoni kilikuwa uchungu wa ulimini, si harufu ya ndimu.

#11 MamaPipeline
Na hapo ndipo hoja ya Jaduong inachechemea. Joto haliongezi uchungu hivyo. Ulimi unasikia utamu zaidi kitu kikiwa vuguvugu, ndiyo maana kibandani ukiulizwa "moto ama baridi?" na ukachukua soda ya moto, unaiona tamu kupita kiasi. Kwa hesabu hiyo wiski ya Kisumu ingekuwa kali puani na tamu mdomoni. Yeye anasema mdomoni ndiko kulikoharibika.

Mimi nalaumu glasi. Ziliwekwa wapi? Zilifutwa na nini? Glasi iliyofutwa kwa kitambaa cha jikoni ina mafuta, na sabuni ya vyombo inaacha utando mwembamba wenye uchungu usiouona. Osha kwa maji moto peke yake, suuza, ining'inize ikauke yenyewe. Kisha inuse ikiwa tupu. Ikinuka kabati, isuuze kwa kijiko cha wiski yenyewe, umwage hicho kijiko, ndipo uanze.

#12 Jaduong_wa_Dunga
@MamaPipeline kumwaga kijiko cha wiski ya elfu sita ni dhambi, lakini unasema kweli. Naongeza maji ya bomba ya huku kwetu: yana klorini, na klorini ikikutana na zile harufu za moshi na karafuu inazaa ladha ya dawa ya hospitali. Glasi iliyosuuzwa kwa maji hayo ikabaki na matone ishaharibika.

#13 Section58
Maji ya Nakuru nayo yana floraidi, kila mtu anajua meno ya Bonde la Ufa.

#14 FundiPipa
Floraidi kwa kiasi hicho huionji. Kinachoonjeka kwenye maji ya visima vya huko ni magadi, yanafanya wiski iwe kama imetiwa sabuni. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo, basi. Na mtu asiseme ametia "tone": nenda duka la dawa ununue sirinji ya ml 5. Ml 25 za asilimia 40 zina ml 10 za alkoholi. Ukitia ml 2.5 za maji uko 36.4. Ukitia 5 uko 33.3. Wachanganyaji viwandani wananusa hata kwenye asilimia 20 hivi, kwa hiyo maji si aibu. Ila kwa kunywa, wiski ya asilimia 40 ishatiwa maji mengi kiwandani, ukipita ml 5 inalegea na kuwa chai ya pipa.

#15 Nyakwar_Maseno
Kuhusu maji kuna utafiti wa 2017 wa watu wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden. Walionyesha kwamba guayakoli, ile molekuli yenye harufu ya moshi, inakaa karibu na uso wa kinywaji pamoja na ethanoli kikiwa chini ya asilimia 45, na ikifika 59 inazungukwa na ethanoli ikazama ndani. Ndiyo maana maji yanafungua harufu.

#16 FundiPipa
@Nyakwar_Maseno ni mfano wa kompyuta, molekuli moja. Hawakumpa mtu glasi anuse. Na chupa tunayoijadili ni asilimia 40 tayari, iko chini ya huo mstari.

#17 Karani_wa_Oginga
Tumeacha swali la pesa. Acha nilivae.

Tuseme chupa ni 6,000. Toti ni ml 30, kwa hiyo ml 700 zinatoa toti 23 na kidogo, karibu 260 kila moja. Baa ikikuuzia toti 600, unalipa chupa zaidi ya mara mbili, na hujui ilifunguliwa lini. Thamani ya kuonja iko nyumbani.

Ushuru: kwa marekebisho ya kodi ya Desemba 2024, spiriti zinalipa KSh 10 kwa kila sentilita ya alkoholi safi. Ml 700 za asilimia 40 ni sentilita 28, yaani KSh 280. Zamani ilikuwa 356.42 kwa lita bila kujali nguvu. Sasa angalia: ile spiriti ya bei rahisi ya asilimia 40, mzinga wa ml 750, inalipa KSh 300! Ushuru unaikamua chupa ya chini kuliko ya juu. Kwa hiyo anayekuambia single malt ni ghali kwa sababu ya ushuru wa pombe, mwambie apige hesabu. VAT ya asilimia 16 ndiyo inayopanda pamoja na bei: ndani ya 6,000 ni kama 828.

Ghali ni kiwandani. Kimea kitupu cha shayiri, mitungi ya shaba inayopikwa kwa zamu, na pipa linalokaa miaka 12 huku likipoteza kama asilimia 2 kwa mwaka hewani. Blendi ina wiski ya nafaka nyingine ndani yake, ya mahindi au ngano, inayotoka kwenye mtambo wa mnara usiopumzika.

#18 Kondele_Usiku
"Single" si ndiyo kusema imetoka pipa moja? Mbona basi chupa zote zinafanana?

#19 Karani_wa_Oginga
Hapana. Single ni kiwanda kimoja. Ndani ya hiyo chupa kuna mapipa mengi sana yaliyochanganywa ili mwaka huu ionje kama mwaka jana. Na 12 ni umri wa wiski changa kuliko zote humo, si wastani. Ikishaingia kwenye glasi ya chupa haizeeki tena, usimwekee mjukuu ukidhani inaongeza miaka.

#20 Omwami_Lurambi
Kimea mnakitaja kama kitu cha Uskoti. Waulizeni kina mama wa busaa: wimbi linalowekwa, linaoteshwa, linaanikwa, hicho ni kimea. Kazi ni ile ile, mbegu inatengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Waskoti wanakausha chao kwa hewa moto, na wachache kwa moshi wa mboji (peat). Anayejua mursik, yale maziwa ya mala ya mkaa, hatashtushwa na moshi wa wiski za Islay, kisiwa cha Uskoti. Mimi ningemwanzisha mtu wa Bomet moja kwa moja na Laphroaig ya huko, hizi za peasi na asali ataziona za mtoto.

#21 MamaPipeline
😂 Mursik ni mkaa wa senetwet, hauna ile harufu ya bendeji ya Laphroaig. Mbuta iliyokaushwa kwa moshi iko karibu zaidi.

#22 Section58
Na kwa kuwa tumetoka nje ya mada: shingo za mitungi ya shaba ya Glenmorangie, kiwanda cha wiski cha Uskoti, zina mita 5.14, wenyewe wanazilinganisha na twiga. Kwa hiyo nendeni Lake Nakuru muone mtambo ukitembea. Kadiri shingo ilivyo ndefu, mvuke mzito unachoka njiani na kurudi chini, inapita ile nyepesi ya maua na matunda. Ndiyo maana nyepesi ya hivyo inaathirika na mwinuko kuliko blendi nzito. Bado sijashindwa.

#23 FundiPipa
Nusu ya kwanza kweli. "Ndiyo maana" yako umeitoa mfukoni.

#24 Nyakwar_Maseno
Kuna kitu hakijaguswa: je, chupa yenyewe ni ya soko gani? Afrika Kusini sheria yao inataka wiski isipungue asilimia 43, na chupa zao ni ml 750. Ulaya ni 40 na ml 700. Zote mbili unaweza kuzikuta rafu moja hapa kwetu, lebo zimefanana kama pacha. Ml 750 za 43 zina ml 322.5 za alkoholi safi. Ml 700 za 40 zina 280. Hiyo ni zaidi ya asilimia 15, na mdomoni ile ya 43 ina mwili. Kwa bei moja, usifikirie mara mbili. Soma maandishi madogo kabla ya kusoma umri.

#25 Karani_wa_Oginga
@Nyakwar_Maseno hii ndiyo pointi bora ya uzi, ingawa haimhusu Binti, chupa yake ilikuwa moja. Nyongeza: rangi isikudanganye. Sheria ya Uskoti inaruhusu karameli ya kutia rangi, E150a. Rangi ya chai ya rangi si ushahidi wa pipa zuri. Na zile za asilimia 40 nyingi huchujwa kwenye baridi ili zisifanye ukungu ukitia maji au barafu, na katika kuchujwa unapungua ule utelezi wa mafuta. Ukikuta 46 ambayo haikuchujwa hivyo na tofauti ni elfu moja, ongeza hiyo elfu. Ushuru wa nyongeza kwa ml 700 ni shilingi 42 tu.

#26 Kondele_Usiku
Na feki? Naskia ukitikisa chupa, povu likikaa muda mrefu ni orijino.

#27 FundiPipa
Hilo la povu ni la watu wa kukeneka, linatofautisha kali sana na dhaifu sana. 40 na 43 hulioni, na anayejaza chupa feki haweki maji, anaweka spiriti ya 40. Hata kile kipimo cha alkoholi cha kuelea kitakudanganya Kisumu: kimetengenezwa kwa nyuzi 20, kwenye 30 wiski ya 40 itasoma kama 44. Utashangilia bure.

Anza na stempu ya ushuru ya KRA, iskani kwa programu ya Soma Label, jina na ujazo vilingane na ulichoshika. Tazama kama stempu imekatwa ikagundishwa tena. Koki (kizibo cha chupa) ikiwa inazunguka bila kukaza, au kiwango hakijafika shingoni, rudisha. Kwenye baa, omba chupa ifunguliwe mbele yako au kunywa bia.

#28 BintiMenengai
Chupa yetu ilipita Soma Label. Na nimewasikia: nimebadilisha joto, kifuniko, glasi na mwinuko kwa pamoja, halafu nikalaumu Kisumu. Tupange jaribio la haki basi.

#29 FundiPipa
Fanya pembetatu. Glasi tatu, mbili zina kitu kimoja, moja ina kingine. Zifunge foili nje rangi isionekane, mtu mwingine amimine, mwonjaji aseme ipi ya pekee. Kubahatisha kunampa moja kwa tatu, kwa hiyo mara moja si kitu. Akipata mara tatu mfululizo, bahati ni moja kwa 27, hapo tunaanza kusikilizana. Zifunike kwa visosa dakika tano kabla ya kunusa, pua ikae juu ya ukingo, si ndani, mdomo wazi kidogo. Nyama choma na pilipili ziwe baada, si kabla. Badilisha kitu kimoja tu kila duru.

#30 MamaPipeline
Na mchange. Sheria ya kudhibiti pombe ya 2010, ile ya Mututho, haitaki chupa chini ya ml 250, kwa hiyo vile vichupa vya kuonja vya ml 50 msivitafute dukani. Watu sita, chupa moja, elfu elfu, kila mtu anapata ml 116. Mwaka mzima mmejua aina sita kabla ya mtu mmoja kununua moja akaijutia.

#31 BintiMenengai
Matokeo ya kwanza, Nakuru. Chupa halisi, glasi mbili kwenye nyuzi 19 na moja kwenye 29 (karai la maji vuguvugu, kipima joto cha jikoni). Wote wawili walipata tatu kwa tatu. Kwenye 29 pua inachomwa na peasi inapotea. Uchungu haukuja.

Duru ya pili: ml 100 zilikaa siku mbili kwenye chupa mpya iliyofungwa kwa kile kifuniko, imelazwa. Mmoja tatu kwa tatu, anasema ndimu na uchungu hafifu. Mwingine moja kwa tatu, haoni kitu.

#32 Jaduong_wa_Dunga
Joto limeshinda. Nilisema #2.

#33 Omwami_Lurambi
Limeshinda puani. Uchungu ni wa kifuniko, ilikaa siku mbili tu hapo, ile ya kwanza ilikaa ngapi?

#34 BintiMenengai
Siku tisa.

#35 MamaPipeline
Na glasi za Kisumu hazijajaribiwa. Zilioshwa na nani?

#36 Section58
Wala mwinuko haujajaribiwa. Karai halina mita 700.

#37 Jaduong_wa_Dunga
Leteni chupa iliyofungwa, Dunga hapa Kisumu karai lipo na barafu ya nje ya glasi ipo.

#38 Section58
Mkiteremka na iliyofunguliwa, mjue barabara inapanda kwanza mpaka Mau Summit kabla ya kushuka. Hewa iliyofungiwa Nakuru inatanuka kule juu na kusukuma koki, hasa chupa ikiwa nusu. Isimame wima, isilale, alkoholi inakula koki, na zungusheni ule mkanda mweupe wa mafundi bomba shingoni. Mkifika Kericho kagueni.

#39 Kondele_Usiku
Mkifika Kericho mtie barafu, mmalize ubishi.

#40 FundiPipa
Barafu ina uzi wake, @Kondele_Usiku. Binti, kabla ya safari pima ml ngapi zimebaki kwenye chupa halisi. Zikiwa chini ya 200 hewa ishaanza kazi yake, utaleta sababu ya tano.

#41 BintiMenengai
Zimebaki 160.